Satelaiti ya TV inazeekaje wakati huko juu hakuna mvua wala kutu?

Msomaji wetu wa Tabora ameuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka, dishi langu linaangalia 36 mashariki miaka na miaka. Fundi kaniambia ile satelaiti ya zamani imezeeka, imemaliza miaka yake 15, ndo ikaletwa nyingine. Sasa huko juu hakuna mvua, hakuna kutu, hakuna mchwa, kinachozeeka ni nini? Kwa nini wasipeleke mafundi wakaitengeneza? Na kama imeletwa mpya, mbona mvua ikipiga picha bado inaganda?"

Ndugu yangu, hayo ni maswali matatu na la kwanza ndo limebeba mengine yote. Jibu lake fupi ni kwamba mara nyingi vyombo vya kurusha TV vinakuwa bado vizima kabisa siku satelaiti inapostaafishwa, kinachokuwa kimeisha ni mafuta. Watu wengi wanashangaa hapo, wanauliza mafuta ya nini wakati ina sola. Sola ni ya umeme wa kurushia matangazo. Mafuta ni ya kukaa mahali, na kukaa mahali ndo kazi ngumu kuliko zote ambazo satelaiti ya TV inafanya maisha yake yote.

Twende taratibu. Hizi satelaiti ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini (hiyo 36 mashariki ni nyuzi za longitudo ambazo satelaiti iko juu yake), zinakimbia kama kilomita 11,000 kwa saa na zinamaliza mzunguko mmoja kwa masaa 23 na dakika 56, muda uleule dunia inaotumia kujizungusha. Kwahiyo ukiwa Tabora unaona kama imesimama, na ndo maana dishi lako linafungwa nati mara moja linasahaulika juu ya bati. Ila haijasimama na haitaki kusimama. Mwezi na jua vinauvuta mzunguko wake ulale upande, ukiiacha bila kuisahihisha unainama karibu nyuzi moja kila mwaka, alafu inaanza kupanda kaskazini na kushuka kusini kila siku. Na hiyo ni mvuto wa kaskazini na kusini tu. Upande wa mashariki na magharibi kuna jambo lingine, ikweta ya dunia yetu sio duara kamili, ina sehemu zimevimba kidogo, kwahiyo kuna sehemu mbili angani ambapo satelaiti zote zilizoachwa zinapenda kuteremkia, moja ni nyuzi 75 mashariki juu ya Bahari ya Hindi na nyingine ni 105 magharibi. Satelaiti ya 36 ukiiachia tu leo itaanza safari pole pole kuelekea mashariki, kule kwenye 75.

Na hii sio nadharia ya vitabuni. Mwezi Aprili 2010 satelaiti ya Marekani inaitwa Galaxy 15, iliyokuwa inasambaza vipindi kwa makampuni ya TV za kebo, iliacha kusikiliza amri kutoka ardhini lakini transponda zake, yaani vile vyombo vya kupokea na kurusha chaneli, zikabaki zinawaka. Ikatoka kwenye 133 magharibi ikawa inaelea kuelekea ile 105, inapita karibu na wenzake na mawimbi yake yako hewani, ikabidi wenye satelaiti za jirani wapange namna ya kuipisha. Miezi nane. Ilirudi kwenye akili Desemba mwaka huo baada ya betri kuisha nguvu kabisa na kompyuta yake kujiwasha upya.

Sasa kuzuia hayo yote, waendeshaji wanapewa kiboksi angani, kwa kawaida upana wa sehemu moja ya kumi ya nyuzi, ambao kwa urefu ule ni kama kilomita 73 hivi. Satelaiti inatakiwa isitoke humo, na mara nyingi humo humo wanakaa satelaiti mbili au tatu za mwenyeji mmoja. Kwahiyo kila baada ya siku kadhaa vituo vya ardhini vinapima iko wapi, vinapiga hesabu, alafu vinaiamuru iwashe injini zake ndogo kwa sekunde au dakika chache. Karibu mafuta yote yanaliwa na ile kazi ya kaskazini na kusini. Kwa satelaiti yenye uzito wa tani 3 hivi ikiwa kazini, hiyo kazi inakula kama kilo 50 za mafuta kila mwaka kama ni injini za kemikali. Zidisha kwa miaka 15 uone ni mzigo gani, na usisahau kwamba kabla ya hapo ilishachoma mafuta mengi zaidi kupanda, kwa sababu roketi huwa inaiachia kwenye njia ndefu yenye umbo la yai na satelaiti inamalizia mlima kwa injini yake yenyewe. Satelaiti ya aina hiyo ikisimama kwenye roketi, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa ni mafuta.

Hapa kuna kitu ambacho mimi binafsi nakiheshimu sana kwenye kazi ya hawa watu. Ndani ya tenki huko juu hakuna chini wala juu, mafuta hayalali, yanang'ang'ania kuta, kwahiyo ile geji ya kuelea kama ya kwenye gari haifanyi kazi. Unajuaje umebakiwa na kiasi gani? Njia kuu ni kuandika daftari: kila injini ilipowaka, iliwaka sekunde ngapi, kwa mgandamizo gani, ilikula gramu ngapi, miaka 15 mfululizo. Njia nyingine ni kupima mgandamizo wa gesi ya heliamu inayosukuma mafuta, au kupasha tenki joto kidogo uone linapanda haraka kiasi gani, maana tenki tupu linapata joto upesi. Kila njia ina makosa madogo, na makosa ya miaka 15 yakijumlishwa yanaweza kuwa miezi ya maisha.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu satelaiti ya TV haitakiwi kufia kazini. Inatakiwa ibakiwe na akiba ya kama miezi mitatu ili ipande kilomita 300 hivi juu zaidi, nje ya barabara ya wenzake, alafu imwage mafuta yaliyobaki, izime betri na transponda, ndo iachwe huko milele. Satelaiti za chini zinaweza kurudishwa ziungue hewani, za kwetu hizi ziko mbali mno kurudi. Kampuni ya DISH ya Marekani ilikuwa na satelaiti ya TV, EchoStar-7, iliyorushwa 2002, mpango ulikuwa wa kuipandisha kilomita 300 mwezi Mei 2022. Februari mwaka huo ikagundulika mafuta yaliyobaki ni machache mno, ikaishia kilomita 122 tu juu. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikawapiga faini ya dola 150,000 Oktoba 2023, na ilikuwa mara ya kwanza mamlaka hiyo kumpiga mtu faini kwa uchafu wa angani. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho hela sio nyingi, ila kwangu mimi lilikuwa jambo la haki, maana ule mzunguko juu ya ikweta ni mmoja tu kwa dunia nzima na sisi wa Afrika Mashariki ndo tunakaa chini yake kabisa.

Sasa kuhusu mafundi. Binadamu hajawahi kupelekwa kwenye mzunguko ule kufanya matengenezo, kituo cha kimataifa cha anga kiko kilomita 400 tu, huku tunaongelea karibu 36,000. Na satelaiti zenyewe zilivyofungwa kiwandani hazikuwekewa mdomo wa kujazia mafuta unaoweza kufunguliwa huko. Lakini kuna hatua imepigwa. Februari 2020 chombo kinaitwa MEV-1 kilienda kikaishika satelaiti Intelsat 901 kwa nyuma, kwenye bomba la injini yake kubwa, kikawa kinaisukuma na kuisimamisha kwa mafuta yake chenyewe, kazi ikaendelea miaka mitano mpaka 2025 kilipoipeleka makaburini, kule juu zinakoachwa zilizostaafu, na kuachana nayo. Cha pili, MEV-2, kilishika Intelsat 10-02 Aprili 2021 wakati inaendelea na matangazo, watazamaji hawakujua chochote. Hakikujaza mafuta wala kubadilisha kifaa, ni kusukuma tu, lakini tayari ni jibu la swali lako.

Nisikudanganye kwamba mafuta peke yake ndo uzee. Paneli za sola zinapigwa na chembe za kutoka kwenye jua mwaka hadi mwaka, nguvu zinapungua, ndo maana zinatengenezwa kubwa kuliko mahitaji ya siku ya kwanza ili siku ya mwisho zitoshe. Betri nazo zina hesabu yake. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, satelaiti inaingia kwenye kivuli cha dunia kila usiku kwa kama siku 45, na siku ya katikati kivuli kinafika dakika 72. Kwa ile ya 36 inakuwa kama saa sita na nusu usiku kwa saa zetu. Wewe umekaa unaangalia marudio ya mechi, juu huko paneli zimekuwa giza, joto lake limeporomoka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, na mzigo wote wa transponda unabebwa na betri bila picha kutikisika. Mara 90 kwa mwaka, kwa miaka 15.

Alafu kuna taa. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba moyo wa satelaiti nyingi za TV ni taa ya utupu, ukoo mmoja na zile taa za redio za zamani. Inaitwa TWT, iligunduliwa Uingereza na Rudolf Kompfner wakati wa vita kuu ya pili. Mkondo wa elektroni unapita katikati ya waya uliosokotwa kama springi, mawimbi ya TV yanapita kwenye waya huo, na elektroni zinawapa mawimbi nguvu zake kidogo kidogo mpaka yanatoka mwisho yakiwa na wati 100 na zaidi. Transista zimejaribu sana kuiondoa lakini kwenye masafa ya dishi lako, yale ya gigahezi 11 na 12, ile taa bado inageuza zaidi ya nusu ya umeme wake kuwa mawimbi na inadumu miaka mingi bila kuguswa. Taa za akiba zinafungwa pembeni pamoja na swichi, moja ikifa ardhini wanaamuru ya akiba ishike.

Kazi ya transponda yenyewe ukishaielewa ni rahisi. Kituo cha ardhini, tuseme Afrika Kusini, kinarusha juu rundo la chaneli zilizobanwa pamoja kwa dishi kubwa la mita kadhaa. Satelaiti inalipokea likiwa dhaifu sana, inalisafisha, inalihamishia kwenye masafa mengine ya chini kidogo ili sauti yake isiingie kwenye sikio lake mwenyewe, inalipitisha kwenye taa, inalimwaga kupitia antena. Haiangalii wala haijui kama ni mpira au tamthilia. Na ile antena uso wake sio laini kama dishi lako, ina mabonde na vilima vidogo vilivyopigiwa hesabu na kompyuta ili mwanga wa mawimbi uchore umbo la eneo linalotakiwa, nguvu ziangukie wenye ving'amuzi na sio baharini.

Umbo la satelaiti nalo lina sababu. Ukiangalia picha utaona boksi lenye mabawa mawili ya sola. Mabawa yanatoka upande wa kaskazini na wa kusini na yanageuka taratibu mzunguko mmoja kwa siku kulifuata jua, antena ziko mashariki na magharibi. Kwa nini hivyo? Kwa sababu ukuta wa kaskazini na wa kusini ndo unaopigwa na jua kwa upande tu, kamwe halizidi nyuzi 23 na nusu, kwahiyo hizo kuta mbili ndo zinatumika kutoa joto nje. Zile taa zinachemka, na huko hakuna hewa ya kupoza, feni haina kazi. Joto linabebwa na mabomba yenye amonia hadi kwenye kuta hizo, zimefunikwa vioo vinavyorudisha jua na kuachia joto liondoke. Mtu akikuambia satelaiti ina transponda 70, jua kwamba mbunifu wake alipata tabu zaidi kuliondoa joto la transponda 70 kuliko kuzipata hizo transponda.

Turudi kwenye hiyo ya kwako. Ya zamani pale 36 ni Eutelsat 36B, ilitengenezwa na Thales Alenia Space, ikarushwa na roketi ya Proton kutoka Baikonur Novemba 2009, ilipangiwa miaka 15, kwahiyo fundi wako hakukosea hesabu. Mrithi wake, Eutelsat 36D, ametengenezwa na Airbus, akapanda na Falcon 9 kutoka Florida tarehe 30 Machi 2024, naye ana transponda 70. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta. Mpya inatumia injini za umeme, gesi ya zenoni inachajiwa na kusukumwa nje kwa kasi kubwa mara kadhaa ya moshi wa kemikali, kwahiyo kwa kazi ileile unahitaji mafuta machache sana. Gharama yake ni muda, msukumo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kupanda mlima kunachukua miezi badala ya siku. Eutelsat 7C ya pale 7 mashariki ilipitia hayohayo, ilirushwa na Ariane 5 Juni 2019, kazi ikaanza mwanzoni mwa 2020. Ina uzito wa tani 3.4 tu wakati 36B ilizidi 5.

Na kwa sababu mrithi amewekwa kwenye nyuzi zilezile, chaneli zinahamishwa kutoka ya zamani kwenda mpya bila wewe kupanda juu ya bati. Mtu akija mlangoni anasema lipa hela nikugeuzie dishi kwa sababu satelaiti imebadilishwa, muulize kwanza imehamia nyuzi ngapi.

Nimekuongelea uzee wa kawaida, lakini sio zote zinabahatika kuzeeka. Eutelsat W3B ilirushwa Oktoba 2010, mafuta yakavuja muda mfupi tu baada ya kuachana na roketi, ikapotea kabla ya kurusha hata chaneli moja. Intelsat 33e iliyokuwa inahudumia pamoja na Afrika ilivunjika vipande Oktoba 2024 ikiwa na miaka minane tu. Satelaiti, roketi na bima vikijumlishwa ni mamia ya mamilioni ya dola, kwahiyo ukisikia mwenye satelaiti anaagiza mpya wakati ya zamani bado inapiga kazi, usione anafuja, anakimbizana na muda.

Mvua sasa. Satelaiti mpya haiondoi mvua, ndugu yangu. Mawimbi yale yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, matone makubwa ya mvua yanayanyonya na kuyatawanya, dhoruba nzito inaweza kukupunguzia nguvu mara kumi. Na nguvu zenyewe zilizofika kwenye dishi ni kidogo mno, wati moja ukiigawa mafungu trilioni moja, dishi lako kwa transponda moja linadaka kama mafungu mawili. Kwa mfumo wa dijitali picha haififii pole pole kama zamani, inabaki safi mpaka mahali fulani alafu inakata ghafla. Tabora mna bahati moja, satelaiti ya 36 iko karibu utosini kwenu, kama nyuzi 83 kutoka upeo wa macho, kwahiyo mawimbi yanapita kwenye mawingu kwa njia fupi. Ila mvua ikinyesha kule kituo cha ardhini kinakorushia, nyie wote mnaweza kuyumba hata kama kwenu ni jua kali, japo vituo huwa vinaongeza nguvu kufidia.

Jua nalo linakata, watu hawalijui hili. Kuzunguka tarehe 22 Machi na 20 Septemba, huko kwenu linapita nyuma kabisa ya satelaiti ya 36 kati ya saa 6 na dakika 25 na saa 7 kasorobo mchana, kelele zake zinazima mawimbi kwa dakika chache, siku chache mfululizo. Wenye dishi za 7 mashariki hapohapo Tabora inawapata karibu saa 9 alasiri. Siku hizo usiguse nati yoyote, subiri lipite.

Unachoweza kufanya wewe ni kuongeza akiba kabla mvua haijaja. Dishi la sentimita 90 lina eneo la kudakia zaidi ya mara mbili ya lile la 60. Kagua kofia ya LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachodaka mawimbi, kama imepasuka na maji yanaingia, kata ncha ya waya iliyoota ukijani ufunge upya, na fundi akija kulenga mwambie akae kwenye kipimo cha quality (ubora) sio strength (nguvu), maana strength inapanda hata ukidaka kelele tupu. Alenge siku ya jua, apeleke dishi kushoto mpaka ishuke, kulia mpaka ishuke, alirudishe katikati, afanye hivyohivyo juu na chini, ndo akaze. Na LNB yenyewe aizungushe kidogo kidogo kwenye kishikio chake huku anaangalia quality, hapo ndo mafundi wengi wanaruka na hapo ndo inapolala ile akiba unayoikosa mvua ikipiga.